Mwenye Cheti Alikuwa Katoro

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi Mkuu wa Redio pale Shinyanga hakunipa hata kiti. Alinivalisha spika za masikioni, akawasha mtambo mkubwa kama kabati la vyombo, akaniambia nisimame hapo mpaka nimsikie mtu anayezungumza mahali asiporuhusiwa. Nilikuwa binti wa Kisukuma niliyetoka chuoni, nimevaa viatu vipya vinavyobana. Nilisimama hadi miguu ikafa ganzi. Ndipo nikamsikia dereva wa kiwanda cha kuchambua pamba akimtukana mwenzake kwa ajili ya tela lililokwama matopeni, naye alikuwa akitukana ndani ya masafa waliyopewa watu wa reli.

"Nimempata, mzee," nikasema.

"Umemsikia," akanirekebisha. "Kumpata ni kesho, kwa miguu yako."

Kesho yake nilikwenda kweli, nikauliza kiwanda hadi kiwanda, mpaka nikaiona antena juu ya paa na redio koli isiyo na leseni chini yake. Kazi yetu ilikuwa hiyo. Masafa ni kama mashamba yaliyopimwa: kila mtu ana mpaka wake, na anayelima kwa jirani anaharibu mazao ya wote wawili. Ndiyo maana redio yoyote inayorusha sauti lazima iwe na leseni, ijulikane ni ya nani, iko wapi na inasema kupitia masafa gani. Watu walidhani tunatafuta ushuru tu. Wengine hunifikiria hivyo hadi leo, na sijisumbui kubishana nao sokoni.

Nilihamishiwa Geita nikiwa tayari mama wa Shija, na jina la Mama Shija ndilo likanikaa kuliko lile la ubatizo. Mkuu wa Kituo alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyekunywa chai bila sukari na kutaka kila taarifa isomwe kwa sauti. Tulishinda kwenye machimbo ya dhahabu. Walinzi wa maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji wadogo, walikuwa na redio za mkononi zilizoingizwa kwa magendo, wakipeana habari kila waonapo gari la serikali. Mara nyingi walilitangaza letu kabla hatujafika, nasi tukiwa ndani tunawasikiliza. "Leo wamekuja na yule mama," walikuwa wakisema. Tulicheka sana. Sikujua kwamba hicho ndicho kipindi cha mwisho cha kazi yangu nitakachokikumbuka kwa kucheka.

Kituo changu cha tatu kilikuwa ziwani. Vyombo vya abiria na mizigo vilikuwa vimeongezeka katika visiwa vya upande wa Geita, na agizo likatoka kwamba kila chombo cha aina hiyo kiwe na redio ya majini. Nikafanywa mkaguzi na mtahini wa mwambao, nikiripoti kwa Meneja wa Kanda. Kituo cha kusikilizia kilijengwa kilimani juu ya mwalo, yaani bandari ndogo ya wavuvi, ambao nitauita Busanzwa. Mwendeshaji wake alikuwa Bwana Ndaki, mtu mzima wa makamo, mpole, aliyewahi kufanya kazi katika meli.

Wasomaji wangu vijana, naomba mnivumilie kidogo hapa, maana bila jambo hili yaliyofuata hayataeleweka. Redio ya majini ina ruhusa mbili. Ya kwanza ni leseni ya chombo: tunakagua redio, betri na antena, kisha chombo kinapewa jina la mwito ambalo hakuna mwingine analo. Ya pili ni cheti cha mwendeshaji. Hiki hupewa mtu, si boti, na hupatikana kwa mtihani. Mwenye cheti anatakiwa kuwa ndani ya chombo kila kinaposafiri. Katika mtihani tunamuuliza habari ya chaneli ya kumi na sita, ambayo ni ya kuitana na ya dhiki peke yake, na hakuna ruhusa ya kuulizana bei ya dagaa humo. Tunamtaka atoe wito wa dhiki kwa mpangilio: neno la dhiki mara tatu, jina la chombo, mahali kilipo, kilichotokea, watu waliomo. Halafu anatakiwa kufanya jambo moja ambalo mtu aliyezoea simu huliona la ajabu. Aachie kitufe. Redio hizi hubeba sauti moja kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kitufe unasema na husikii chochote. Ukikiachia ndipo unasikia. Anayeshikilia kitufe amejiziba masikio yeye mwenyewe, na amewaziba midomo wote walio kwenye chaneli hiyo.

Nahodha Faustine alikuja kufanya mtihani pamoja na manahodha wengine wa Busanzwa. Alikuwa Mzinza, mrefu, mwenye sauti kubwa ya watu waliozoea kuitana kutoka boti hadi boti. Ziwa alilijua. Aliendesha boti ya mbao iitwayo Mbarikiwa, mali ya Bwana Masanja, mfanyabiashara aliyechuma fedha kwenye dhahabu kule Katoro akaja kuzimwaga majini. Maswali ya mdomo Faustine aliyajibu vizuri. Tulipofika kwenye vitendo nikamkabidhi redio ya mafunzo, mimi nikakaa na nyingine chumba cha pili.

Akabonyeza akaanza kuita. Akaita, akataja boti, akataja mahali, akanyamaza akingoja. Lakini mlio wa hewa kwenye redio yangu ulinionyesha kwamba kidole bado kiko palepale. Nikarudi chumbani kwake.

"Nahodha, achia kitufe."

Akanitazama kwa mashaka. "Nikiachia si itakata, mama?"

"Haikati. Hii si simu. Ukiachia ndipo nitakujibu."

Akajaribu tena. Kila alipoanza kuita kwa nguvu, kidole kilikaza pamoja na sauti. Nilimwona jasho likimtoka, mtu ambaye dhoruba hazikumtoa jasho. Nikamwambia kwa heshima kwamba leo sitampa cheti, arudi kwa mafunzo, Bwana Ndaki atamsaidia, kisha nitamtahini tena. Hakukasirika.

"Ni sawa mama," akasema. "Kidole changu kigumu kama mimi. Nitakilainisha."

Aliyekasirika ni Bwana Masanja. Alikuja kituoni na gari jipya, akanisalimia vizuri, kisha akasema boti yake haiwezi kulala mwaloni kwa sababu ya kidole. Nikamweleza sheria. Akaenda kwa Meneja wa Kanda. Haukupita muda Meneja akaniita ofisini.

"Mama Shija," akasema, huku akizungusha kalamu, "sheria inasema chombo kiwe na mwendeshaji mwenye cheti. Je, inasema mwendeshaji huyo awe nahodha?"

"Haisemi hivyo, mheshimiwa. Ila inasema awemo."

"Atakuwemo. Usiwe mgumu kuliko sheria yenyewe."

Bwana Masanja akamleta mpwa wake, Emanueli, kijana aliyeuza simu dukani kwake Katoro. Emanueli alijibu kila swali na kubonyeza na kuachia kama aliyezaliwa na redio mkononi. Sikuwa na sababu ya kumnyima. Cheti chake kikawekwa ndani ya plastiki ngumu, kikapigiliwa kwenye ukuta wa kibanda cha nahodha, na Mbarikiwa ikaingia ziwani. Mwanzoni Emanueli alisafiri nayo. Lakini alikuwa mtu wa dukani, ziwa lilimtapisha, na mjomba wake alimhitaji Katoro siku za mnada. Nilipofanya ukaguzi wa kushtukiza nilikuta cheti kipo na mwenye cheti hayupo.

Nikaandika amri ya kuzuia boti palepale. Abiria walinizomea. Kina mama wa samaki walikuwa na matenga yao, wachimbaji walikuwa wanakwenda kisiwani ambako habari za dhahabu mpya zilikuwa zimewapandisha wazimu, na padri alikuwa akisubiriwa huko kwa ubatizo. Faustine alianza kuwasaidia kushusha matenga. Kabla abiria hawajashusha mizigo yote, simu ya Meneja ikaita.

"Iachie iende. Watu wana mizigo yao. Mwenye cheti atapanda safari ijayo."

"Naomba uniandikie hivyo, mheshimiwa."

"Nitakuandikia," akasema, na kweli aliandika. Amri ya kuzuia ilikuwa yangu, amri ya kuondoa ilikuwa yake. Boti ikaondoka, na safari zikafuatana bila Emanueli.

Ilikuwa mchana wa masika. Nilikuwa nimepanda kilimani kumletea Bwana Ndaki betri ya akiba. Upepo ulianza ghafla, na ziwa, ambalo tangu asubuhi lilikuwa la kijivu, likawa jeusi upande wa magharibi. Tuliziona boti ndogo zikikimbilia mwaloni. Ndipo chaneli ya kumi na sita ikafunguka, na kabla hajataja jina nikaijua sauti.

"Halo! Halo Busanzwa! Huku Mbarikiwa! Maji yanaingia, mashine imezima! Mnanisikia?"

Bwana Ndaki akadaka redio. "Mbarikiwa, huku Busanzwa, nakusikia. Taja ulipo. Ova."

Lakini mlio wa hewa haukukatika. Kidole kilikuwa kimebana.

"Halo Busanzwa! Jibuni jamani! Halo!"

"Achia kitufe, nahodha," Ndaki akasema, kisha akapaza sauti, kisha akapiga kelele kama mtu anayeita mlango kwa mlango, ingawa yeye kuliko sisi sote alijua kwamba kelele hazisaidii. "Achia kitufe! Achia, baba, achia!"

Tulimsikia Faustine na kila kitu kilichokuwa nyuma yake. Tulisikia maji yakigonga mbao. Tulisikia mtu akiamrisha mizigo itupwe. Mtoto alilia, akanyamazishwa, akalia tena. Wanawake walikuwa wanasali rozari, Salamu Maria juu ya Salamu Maria, na mmoja wao alikuwa akikosea maneno kila mara palepale na kuanza upya. Hakutaja mahali. Katika mtihani alipataja vizuri kabisa. Siku ile alikuwa anangoja kwanza aitikiwe ndipo aeleze, kama muungwana yeyote anavyobisha hodi.

Nilipiga simu yake, haikupatikana. Nilipiga za abiria ninaowajua, hazikupatikana. Mtandao haukufika upande ule wa visiwa. Bwana Ndaki alihamia chaneli nyingine kuziita boti za karibu, lakini zote zilikuwa zimesimama kwenye ya kumi na sita, zikimsikiliza Faustine kama sisi. Baadaye tuliambiwa kwamba mvuvi mmoja alikuwa ameiona Mbarikiwa ikikata kona kwenda kusini mwa kisiwa kukwepa mawimbi. Alijaribu kutueleza kwa redio. Sauti yake haikupenya.

Nikapiga simu kwa kila mwalo niliokuwa na namba zake. Boti za uokoaji zilitoka, wanaume walijitolea bila kuulizwa, katika upepo ule. Zilikwenda kaskazini mwa kisiwa, kwa sababu huko ndiko njia ya kila siku ilikopita na hatukuwa na habari nyingine ya kuwapa.

Mwishoni sauti ya Faustine ilishuka. Hakuwa anaita tena. Nadhani alikuwa anasema na abiria, au na nafsi yake.

"Hakuna mtu," alisema. "Hakuna mtu upande wa pili."

Bwana Ndaki akasema kwenye kipaza sauti, polepole sana, kama mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa, "Tupo, nahodha. Tupo hapa." Akaendelea kusema hivyo mpaka mlio wa hewa ukakatika. Maji yalikuwa yamefika kwenye betri. Chaneli ikawa tupu, ikanyamaza, na sasa tungeweza kusema lolote tulilotaka.

Walionusurika waliokotwa asubuhi iliyofuata, wameshikilia madumu na mbao. Walikuwa wachache kuliko waliopotea. Mama aliyekosea rozari alikuwa mmoja wao. Nilimtambua kwa sauti alipokuwa akiwashukuru waokoaji. Faustine aliletwa na wavuvi siku za baadaye, akazikwa kwao.

Nilikwenda msibani. Mke wake, Mama Deusi, alikuwa ameketi mkekani katikati ya shemeji zake. Baada ya pole na salamu aliniomba tutoke nyuma ya nyumba.

"Wanasema wewe ulimsikia mpaka mwisho," akasema.

"Nilimsikia, mama."

"Mlimjibu?"

"Tulimjibu. Hatukuacha kumjibu. Yeye hakuweza kusikia."

"Kwa nini?"

Nikamshika mkono, nikaweka kidole gumba chake juu ya kiganja changu, nikambonyezea. Nikamwambia kwamba hivi ndivyo unavyosema. Nikakiinua kidole. Nikamwambia kwamba hivi ndivyo unavyosikia. Akabonyeza mwenyewe kiganjani mwangu, akainua.

"Kwa hiyo amekufa akijua tumemtupa."

Nimewahi kuulizwa maswali na majaji, na wabunge, na tume iliyokuja na magari ya vioo vyeusi, na wote niliwajibu. Yeye sikumjibu. Tulisimama pale nyuma ya nyumba, tukishikana mikono, mpaka shemeji yake akaja kumwita.

Tume ilikaa Geita, ikatuhoji wote. Meneja wa Kanda alisema yeye alifuata sheria, na nusu ya maneno yake yalikuwa kweli. Akahamishiwa mkoa mwingine. Bwana Masanja alifunguliwa kesi, nayo ikaenda ikirudi kama kesi zinavyokwenda na kurudi; mimi niliacha kazi kabla haijaisha. Emanueli alinifuata kituoni na kile cheti chake, maana alikuwa amepewa nakala ya kukaa nayo.

"Kichukue, mama," akasema. "Watu dukani wananiuliza kama ndicho hicho."

Nikakipokea. Hakukuwa na utaratibu wowote wa kurudisha cheti, lakini nilikipokea, na nikamwandikia kwamba nimekipokea, kwa sababu niliona anahitaji kupewa kitu mkononi.

Kuanzia hapo nilitumia miaka yangu iliyobaki kwa jambo moja. Mkaguzi Mkuu mpya aliyekuja Shinyanga alikuwa mwanamke mwenye maneno machache, na aliniunga mkono. Tukaandika upya masharti: cheti kiwe cha nahodha mwenyewe na cha mtu mmoja zaidi katika kila safari, vitendo vitangulie nadharia, mafunzo yafuate watu mwaloni badala ya watu kuyafuata mjini. Nilifundisha kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipokwama nikageukia Kisukuma, na Bwana Ndaki akageukia Kizinza. Tuliwafundisha manahodha wakiwa wamechoka, wakiwa wamelowa, tukawapigia makopo masikioni wakati wanaita, ili kidole kijifunze kuachia hata moyo unapodunda. Tulisema pia: usingoje kuitikiwa ndipo ueleze, taja ulipo kabla ya yote. Wapo walionung'unika kwamba yule mama anatufanya watoto. Niliwaacha wanung'unike, mradi waachie.

Mwanzoni nilimwomba Mama Deusi aje aseme nao. Nilidhani neno lake lingewaingia kuliko langu. Alikataa.

"Mume wangu alikuwa nahodha kwa miaka mingi, dada," akasema. "Alivusha wagonjwa, alivusha maharusi, alivusha maiti za watu. Sitaki awe somo la siku moja tu, ile aliyokosea."

Nikaona ana haki. Sikumtaja tena darasani. Hata hapa, Faustine si jina lake, na boti haikuitwa Mbarikiwa. Mama Deusi alisomewa maandishi haya na mwanawe kabla sijamkabidhi mtu yeyote, akaniruhusu kwa sharti kwamba niandike kwamba alivusha wagonjwa na maharusi. Nimeandika.

Bwana Ndaki hakudumu kazini. Aliomba kustaafu mapema akarudi kwao Runzewe kulima. Tulipokutana mara ya mwisho aliniambia kwamba mkewe humwamsha, kwa kuwa usingizini husema, "Tupo, tupo." Tulikula mihogo, tukaulizana habari za watoto.

Mimi nilistaafu kwa hotuba na zawadi ya vitenge viwili, kama ilivyo desturi. Vijana wa idara huniuliza wakija kunisalimu kama masharti yale si makali mno kwa watu maskini wa ziwani. Ni makali. Nawaambia leseni ya redio ni ahadi kwamba ukiita utaweza kuitikiwa, na ahadi ya namna hiyo haitundikwi ukutani kwa niaba ya mtu mwingine. Boti nyingine zimezama tangu siku ile, na watu wengine wameokolewa kwa sababu nahodha alitaja mahali akaachia. Sijaziweka habari hizo kwenye mizani. Hazilingani kwa namna yoyote ninayoijua.

Nina kiwanja kizuri kando ya ziwa, nilichopewa na mume wangu tukiwa bado vijana wa kupanga mambo. Watoto hushangaa kwa nini nilijenga Shinyanga, kwenye vumbi na kelele za bajaji, nikaacha upepo wa maji. Huwaambia nilitaka kuwa karibu na hospitali. Ukweli ni kwamba mawimbi ya redio za majini hayasafiri mbali. Huishia karibu na upeo wa macho, na kati ya hapa na ziwa kuna nchi nzima. Pale kiwanjani ningeweka redio ya kusikiliza, najijua, na ningekaa nayo hadi nife. Hapa hata nikiiwasha chaneli ya kumi na sita, hakuna mtu yeyote anayeweza kunifikia.